Kijiko Kimoja cha Salfa

MAABARA YA UKAGUZI WA CHAKULA
3 Februari

Kwa: Mmiliki, Karakana ya Matunda Makavu

YAH: KIWANGO CHA DIOKSIDI YA SALFA KATIKA MAEMBE MAKAVU

Ndugu Mmiliki,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sampuli ya maembe makavu kutoka karakana yako, iliyowasilishwa na mlaji, imepimwa na kukutwa na dioksidi ya salfa mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Aidha, pakiti haina maandishi yanayomjulisha mlaji kwamba bidhaa imehifadhiwa kwa salfa. Hilo ni kosa hata pale kiwango kinapokuwa sahihi, kwa kuwa wapo watu, hususan wenye pumu, ambao salfa huwabana kifua.

Unatakiwa ndani ya siku thelathini kushusha kiwango hicho, kuweka lebo kwenye pakiti zote, na kutoa maelezo kwa maandishi. Ukishindwa, leseni ya karakana itafutwa.

Wako,
Mkaguzi wa Chakula


Karakana, 9 Februari

Bwana Mkaguzi,

Tuanze na hilo "Ndugu Mmiliki." Mimi nimekubeba mgongoni mpaka ukaota meno. Nimekufuta makamasi kwa upindo wa sketi yangu ya shule. Leo unaniandikia "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Haya, nimehusika. Nimekaa juu ya debe nikahusika mpaka wanawake wakaacha kumenya wakaniuliza kama kuna msiba. Nikawaambia ndiyo, nimefiwa na mdogo wangu, amebaki Mkaguzi wa Chakula.

Usinipigie simu. Nimeizima makusudi, maana nikisikia sauti yako nitasema maneno ambayo mama akiyapata atanilaani. Kwa barua angalau mkono unachoka.

Sasa nisikilize. Salfa hapa hatukuianza jana, na wewe unajua, umekulia humu humu ukiiba mananasi kwenye trei. Maembe yanamenywa, yanakatwa, yanapangwa, trei sita zinaingia kabatini. Chini ya kabati kuna kigae, juu ya kigae kijiko kimoja kikubwa cha unga wa salfa. Unauwasha, unafunga mlango, moshi unafanya kazi yake tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita, ndipo trei zinakwenda juani. Kijiko kimoja, trei sita, basi. Ndivyo alivyofanya marehemu baba miaka ishirini na sita, na ndivyo ninavyofanya mimi. Hata kijiko ni kile kile chenye mpini uliopinda. Sijaongeza chembe. Hiyo mara tatu yenu imetoka wapi? Au mashine yenu imelewa?

Na hiyo lebo. Nikiandika "ina salfa" kwenye pakiti, mwenye duka ataniuliza kama namuuzia matunda au sumu ya panya. Watu wanataka embe la manjano, linalong'aa, utadhani limekatwa leo. Hawataki kusoma.

Halafu huyo "mlaji" ni nani? Mtaje. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu nazijua zote. Nina wanawake kumi na mmoja humu ndani, na kila mmoja ana watoto wanaomtazama mikononi. Ukifunga mlango huu, hufungi wa kwangu peke yangu.

Msalimie mkeo, ingawa najua salamu hairudi. Mwambie Chiriku wangu shangazi ananung'unika lakini hajamsahau.

Dada yako,
ambaye sasa ni Ndugu Mmiliki


14 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua ile ilibidi iwe vile. Mkuu wa kitengo anazisoma zote kabla hazijatoka, na nisingeweza kuanza na "Dada mpenzi, habari za maganda." Umenifanya nicheke na kukasirika kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni wewe tu unayeliweza.

Mashine haijalewa. Nilirudia kipimo mara tatu nikiomba iwe imelewa.

Nakuomba usome taratibu, usiruke mistari kama kawaida yako. Sijasema salfa ni haramu. Salfa inazuia ukungu, inazuia embe lisigeuke jeusi, na watu wameitumia tangu zamani. Sheria haisemi acha. Sheria inasema mambo mawili tu: pima, na sema. Pima ili isizidi. Sema ili yule ambaye mwili wake hauiwezi ajue, aachane nayo. Wewe hupimi, maana kijiko cha baba si mizani. Na wala husemi. Halafu unaniambia watu hawataki kusoma. Dada, wapo wanaosoma kila neno, na usiombe uwe na sababu yao.

Nina maswali mawili, na nijibu yote mawili, usichague.

La kwanza: kitu gani kimebadilika karakana? Mimi mwenyewe nilipima maembe yako miaka miwili iliyopita, kwa siri, kwa mapenzi tu, na yalikuwa sawa. Sasa ni mara tatu. Kitu hakizidi mara tatu kwa uchawi.

La pili: ile pakiti uliyomletea Chiriku mwezi uliopita. Unakumbuka daktari alivyosema mbele yetu sote kwamba mtoto yule na salfa wasikutane, na wewe ukasema za kwake utazikausha pembeni, bila kabati. Je, zilikuwa za jua tupu kweli? Nijibu kama unavyomjibu mama.

Chiriku hajambo, ana mafua kidogo.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Eti kwa siri, kwa mapenzi. Unapima maembe ya dada yako kwa siri halafu unaita mapenzi. Sijui mkeo unampima nini.

Nimejaribu nusu kijiko kwa sababu yako. Siku tatu, embe likawa na madoa ya kahawia kama mkono wa bibi. Mwenye duka akafungua gunia, akalitazama, akanitazama mimi, akafunga gunia. Nimerudi nalo begani. Bi Mkasi, yule anayekata maembe kwa kasi mpaka vidole havionekani, kaniuliza, "Sasa haya tuyafanyeje?" Nikamwambia ampelekee mdogo wangu, anapenda vitu vya kahawia.

Unauliza nini kimebadilika. Hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni kizuri. Kabati la baba lililiwa na mchwa, ukilifungua mlango unabaki nao mkononi. Mwaka jana mwezi wa nane fundi seremala alinitengenezea jipya, mbao nzito, bawaba za chuma, na ukingoni mwa mlango amezungusha mpira kama wa friji. Ukilifunga limefunga. Moshi hata harufu hausikii. Zamani wanawake walikuwa wanakohoa asubuhi nzima, macho mekundu, siku hizi wanaimba. Ungekuja ukaona badala ya kukaa na chupa zako, ungenipongeza.

La pili. Ndiyo. Zilikuwa za jua tupu. Nimekujibu kama ninavyomjibu mama, na sijui kwa nini unaniuliza kama polisi. Mtoto yule nampenda kuliko wewe unavyompenda, wewe humpikii wala humsuki. Jua tupu. Nimesema.

Mafua gani hayo? Mpeni maji ya moto.

Dada yako


24 Februari

Dada, dada, dada.

Kabati.

Nimekaa na barua yako ofisini nikitaka kuugonga ukuta kwa kichwa. Miaka ishirini na sita, kijiko kimoja. Kijiko kile kilikuwa sahihi kwa kabati bovu. Baba alikuwa anachoma salfa kwenye kabati lenye nyufa za kupitisha paka, na sehemu kubwa ya moshi ilikuwa inatoka nje. Ndiyo maana wanawake walikuwa wanakohoa, walikuwa wanaivuta wao. Kilichobaki ndani ndicho kilichoingia kwenye embe. Kijiko cha baba kilihesabu nyufa bila baba kujua. Sasa umeziba nyufa zote kwa mpira kama wa friji na kuacha kijiko kile kile. Moshi uende wapi? Umeingia wote kwenye maembe.

Hukulijua hilo, hata mimi nisingelijua. Kwa hilo hakuna wa kukulaumu. Nunua mizani ndogo. Anza na theluthi ya kijiko kwa trei zile zile sita, pima kwa uzito na uandike, niletee sampuli tatu za siku tatu tofauti. Si nusu ya kukisia, ile nusu yako nina hakika Bi Mkasi aliichota na kilima juu. Na madoa yale ya kahawia, nadhani mlichelewesha trei nje baada ya kukata. Kata, panga, ingiza upesi. Na usiache moshi utoke wanawake wakiwa mlangoni. Fungua, ondokeni, rudini baadaye.

Faili nimelikabidhi kwa afisa mwenzangu tangu juzi, maana mimi ni ndugu yako na isingekuwa haki. Ni mtu wa makaratasi, lakini si mbaya. Siku zako thelathini zinaisha tarehe tano.

La pili umenijibu. Sina la kuongeza.

Mdogo wako


26 Februari

Wifi,

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia, na akijua shauri yake. Nimechoka kumwona akizunguka sebuleni kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Nakueleza yaliyotokea kwa sababu ndugu yako hatakueleza. Tarehe ishirini na sita Januari, saa kumi jioni, Chiriku alikuja jikoni na ile pakiti yako. Akaniuliza, "Mama, hizi naruhusiwa?" Miaka saba, wifi, na anauliza kabla ya kula, kifua kimemfundisha. Nikaichukua nikaisoma. Ulikuwa umebandika karatasi, mwandiko wako naujua: "Ya Chiriku. Jua tupu." Nikamwambia kula mwanangu, za shangazi.

Alikula vipande vinne. Sijamaliza kuosha sufuria nikasikia ile filimbi ya kifuani. Dawa yake ya kuvuta haikufua dafu. Midomo ikaanza kugeuka rangi huku ananitazama mimi, anasubiri mimi nifanye kitu. Nilimbeba mpaka barabarani bila viatu. Amelazwa siku nne na mrija wa hewa puani. Mafua uliyoambiwa ndiyo hayo.

Mlaji uliyetaka atajwe ni huyo. Baba yake ndiye aliyeichukua pakiti kwenda kuipima.

Mama yenu alikuja hospitali. Hakuuliza mtoto kala nini. Aliniuliza mimi, mbele ya wauguzi, "Umempa nini mjukuu wangu?" Tangu siku hiyo mimi ndiye mzembe wa ukoo. Kila anayekuja kumtazama mtoto anaingia na ushauri mdomoni. Mume wangu yuko kimya. Anasema tusubiri uchunguzi uishe. Ukimya wake unanichosha kuliko maneno ya mama yenu.

Sitaki karakana yako ifungwe, wala sikuandikii unipe pole. Nataka jambo moja tu, kwa sababu siku hizi mtoto akiomba chakula nasoma kila pakiti mara tatu na bado siamini. Zilikuwa za jua au za kabati? Kama nilisoma vibaya, niambie nilisoma vibaya.

Mama Chiriku


28 Februari

Wifi,

Hukusoma vibaya. Mimi niliandika vibaya, na niliandika nikijua.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama nikaimaliza nimekaa kwenye maganda. Bi Mkasi alidhani nimejikata. Nilimwambia aniache, na yeye kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaniacha.

Za jua nilizikausha, wifi. Sijitetei, nataka tu uone ujinga ulivyokuwa. Trei nzima, pembeni, siku tano, nikifukuza nzi mwenyewe. Zikatoka nyeusi, zimekunjamana kama sikio la mbuzi. Tamu, lakini sura hakuna. Nikazitia kwenye pakiti, nikabandika karatasi. Kisha nikakumbuka siku ile nilipowaletea mananasi yaliyoungua kidogo. Ulichukua kipande kwa ncha za vidole, ukakigeuza, ukasema, "Na haya watu wananunua?" Pengine uliuliza tu. Mimi nimelibeba miaka mitatu. Nikajiona nimesimama kwenye sebule yako ile isiyojua vumbi, nimeshika mfuko wa vitu vyeusi, na wewe unatabasamu kwa adabu. Nikazimwaga. Nikajaza za kabati, za manjano, zinang'aa. Karatasi ikabaki pale pale ilipo.

Nilijiambia vipande vichache havina neno. Nilijiambia baba alitumia salfa na sisi sote tumekua. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mashahidi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi ndiye niliyeupaka rangi.

Halafu ndugu yangu akaniuliza, nikamwandikia jua tupu. Nikaandika mara mbili ili aamini. Kumbe alikuwa ameshapima. Aliniuliza akiwa na jibu mfukoni, akitaka tu nilitoe mwenyewe, nami nikamtupia uongo usoni.

Mtoto aliuliza kama anaruhusiwa. Nimelirudia hilo tangu asubuhi. Aliuliza, na mimi nilikuwa nimeshamjibu uongo kwa karatasi na gundi.

Mama nitamwambia mwenyewe, leo hii, kabla hajakwenda sokoni kukusema. Radhi sikuombi kwa barua. Jambo hili halienei kwenye bahasha.

Wifi yako


2 Machi

Dada,

Mama kaja kwangu analia, kaniambia yote. Kumbe mmeandikiana. Sijui nikasirike kwa lipi kwanza, kwa hiyo nitaacha yote, maana siku zinakwisha.

Sampuli zako tatu mpya zimefika, zote ziko ndani ya kiwango, na rangi ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Lebo nimeiona. Hapo huna neno.

Afisa mwenzangu atakuletea maswali mawili. La kwanza: je, ulijua kwamba kiwango kimezidi? Hukujua, andika hukujua. La pili: je, ulijua kwamba mlaji ana pumu na kwamba pakiti ina salfa? Dada, na hili andika hukujua.

Nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Karatasi uliyobandika niliibandua kabla sijapeleka pakiti maabara. Haimo kwenye faili. Faili linaonyesha pakiti ya kawaida ya karakana, isiyo na lebo, iliyoliwa na mtoto. Ukiandika hukujua, utapewa onyo, na Jumatatu wanawake wako wanaendelea na kazi. Ukiandika ulijua, leseni inakwenda, na pengine si leseni tu. Utakuwa umefunga karakana ya baba kwa kalamu yako mwenyewe.

Unataka kujua faili litasema nini basi. Litasema mama wa mtoto alimpa chakula kisicho na lebo bila kuuliza kilichomo. Ni maneno ya faili tu. Hakuna atakayemshtaki, na nje ya ofisi hayasomwi na mtu. Yeye atavumilia, amezoea.

Neno moja tu, dada. Sikujua. Nakuomba.

Mdogo wako


Karakana, 4 Machi

Kwa Afisa wa Kitengo cha Usalama wa Chakula

YAH: MAELEZO YA MMILIKI

Bwana Afisa,

Nimeagizwa nijibu kwa kifupi. Nitajitahidi, lakini mimi si mtu wa kifupi.

Swali la kwanza, sikujua. Kabati la zamani lilikuwa linavuja na jipya halivuji, na mimi nikaendelea na kijiko kile kile. Sasa tunapima kwa mizani na tunaandika kila siku, daftari liko ukutani kwa uzi, anayetaka aje alisome. Lebo inasema: "Yamehifadhiwa kwa salfa. Hayafai kwa mwenye pumu." Mwenye duka alinung'unika, nikamwambia anung'unike akiwa anapanga.

Swali la pili, nilijua. Nilijua mtoto ana pumu kwa sababu ni mtoto wa mdogo wangu, na nilikuwepo daktari alipotukataza. Nilijua pakiti ina salfa kwa sababu niliijaza kwa mikono hii. Juu yake nilibandika karatasi yenye maneno "Ya Chiriku. Jua tupu," na maneno hayo yalikuwa uongo. Nimeyaandika tena chini ya ukurasa huu mlinganishe mwandiko. Kama karatasi haimo kwenye faili lenu, basi gundi yangu ni mbovu, msimtafute mtu.

Nasikia mmeandika kwamba mama wa mtoto alimpa bila kuuliza. Futeni. Mtoto aliuliza, mama akasoma, na kilichoandikwa kilisema hakuna hatari. Nyinyi mnatuhubiria kila siku kwamba lebo ni ya kusomwa. Katika jambo hili lote ni mtu mmoja tu aliyeisoma, na ndiye mnayetaka kumwita mzembe. Mama yetu amemwita hivyo, majirani wamemwita hivyo, sisi wa damu tumekaa tukamwacha aitwe, kwa kuwa yeye ni mke wa kuja na karakana ni ya baba. Nimeambiwa atavumilia. Nimechoka na watu wanaogawa uvumilivu wa mwenzao.

Wanawake kumi na mmoja nimewaeleza jana kabla sijashika kalamu. Wawili walilia. Mmoja alinitukana, na ni haki yake, ana watoto watano. Bi Mkasi aliendelea kukata mpaka beseni likajaa, halafu akafuta kisu, akasema, "Andika. Lakini ukifungua tena, mimi ndiye nitakayeandika lebo." Nimekubali.

Leseni nimeitoa kwenye fremu, imo ndani ya bahasha hii. Fanyeni kinachofaa.

Mmiliki

Ya Chiriku. Jua tupu.


12 Machi

Dada,

Umenishinda. Nilikuomba neno moja, ukaandika mahubiri.

Leseni imesimamishwa mwaka mmoja. Kesi mahakamani haipo, kwa sababu umekiri mwenyewe na kwa sababu mama wa mtoto alikuja ofisini, bila kuniambia, akasema hataki kesi. Mwaka ukiisha unaomba upya. Kuhusu gundi yako, mkuu wa kitengo si mjinga. Aliniita akaniuliza ni gundi gani hiyo inayobanduka bila kuacha alama. Nikamwambia ukweli. Nimepewa barua ya onyo na nimehamishiwa kwenye maziwa. Kuanzia wiki ijayo nitapima maziwa mpaka nizeeke, asante sana.

Nimekasirika, usidhani sijakasirika. Miaka minane nimekuwa katikati yenu, wewe ukisema salamu hairudi, yeye akisema salamu haiji, mimi nikizitunga za pande zote mbili ili nyumba ikalike. Sasa mmeelewana bila mimi, na imegharimu karakana.

Nakala ya uamuzi ililetwa nyumbani jana, na maelezo yako yameambatishwa. Mama Chiriku aliyasoma jikoni amesimama. Mama naye alikuwepo, alikuja tangu asubuhi akawa anazunguka zunguka akigusa vyombo. Alimwomba amsomee. Akamsomea yote, mpaka pale pa mke wa kuja. Mama akasema, "Nisamehe, mwanangu." Hajawahi kumwita hivyo tangu nimwoe.

Baadaye Mama Chiriku akaniuliza basi linafika saa ngapi. Nikadhani anaondoka, na angekuwa na haki. Nikaanza kujieleza, kwamba nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nataka kuwaokoa wote, na kwamba nimekosa. Akaniambia, "Nyamaza sasa, kama ulivyozoea. Nauliza la kutoka kwa wifi." Nikamwambia saa tisa.

Kasema nikuandikie uje Jumamosi, ulale kwetu, na Chiriku ameshaambiwa. Kasema usibebe kitu. Nikamwambia wewe huwezi kwenda nyumba ya mtu mikono mitupu, hata kwa mtutu wa bunduki. Kasema hivyo hivyo ndivyo anavyotaka: uje mikono mitupu, mlangoni atakupokea yeye.

Mdogo wako